Elisabeth wa Wartburg, binti mfalme aliyeuliza chakula kimetoka wapi



Tulipokuwa Ujerumani katika ziara ya makanisa rafiki, wenyeji wetu walitupa siku mbili za kutembea. Tulikuwa wanne: wachungaji wawili wa Masisi, mama mmoja kiongozi wa wanamama kutoka Walikale, na kijana mmoja wa kwaya. Mgeni wa huko lazima apelekwe kuona ngome za kale, zile nyumba za mawe zenye minara zilizojengwa juu ya vilima zamani za watawala wenye mikuki na farasi. Watu hulipa tiketi, hupiga picha, hununua vikombe vyenye picha ya ngome, kisha hunywa kahawa. Nasi tulifanya hivyo.

Ngome yetu ya kwanza ilikuwa Wartburg, iliyo juu ya mji wa Eisenach, katika jimbo la Thuringia. Jina hilo tulilijua tangu shule ya teolojia. Ndiko Martin Luther alikofichwa tangu Mei 1521 mpaka Machi 1522, amefuga ndevu na kuitwa Jörg ili asitambulike, na ndiko alikolitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani kwa muda wa majuma kumi na moja hivi. Njia ya kupanda ni kali kidogo, lakini kwa watu wa milima ya Masisi si kitu. Watoto wa wageni hupandishwa kwa punda, jambo lililomfurahisha sana kijana wetu. Tuliingia chumba cha Luther: kuta za mbao, meza, na pingili ya mgongo wa nyangumi ambayo husemwa kwamba alikuwa akiwekea miguu. Doa la wino ambalo wageni hulitafuta ukutani halionekani tena. Wageni wa miaka mingi walilikwangua kidogo kidogo wakaenda nalo nyumbani.

Tulikuwa tumekwenda kwa ajili ya Luther. Lakini katika chumba kingine cha ngome ileile, kuta na dari vimejaa vipande vidogo vya vioo vya rangi na dhahabu, kazi iliyofanywa kati ya 1902 na 1906, na vipande hivyo vinasimulia maisha ya mwanamke. Mama yetu wa Walikale akasimama pale, akataka kujua huyo ni nani. Mtembezaji alieleza kwa robo saa. Baadaye tulisoma wenyewe, na hadithi ile haijatutoka.

Anaitwa Elisabeth, jina lilelile la Elisabeti mama yake Yohana Mbatizaji. Wakatoliki humheshimu kama mtakatifu. Sisi hatumwombi, wala hatuwaandikii ili mumwombe. Lakini yeye aliishi miaka mia tatu kabla ya Luther, wakati kanisa la Magharibi lilikuwa bado moja, na kwa hiyo ni mzazi wetu vilevile.

Alizaliwa mwaka 1207, binti wa András wa Pili, mfalme wa Hungaria. Mwaka 1211, akiwa na miaka minne, alichukuliwa kutoka kwao akapelekwa Thuringia, akalelewe na watu wa mume wake wa baadaye. Wafalme wa siku zile waliunganisha nchi zao kwa kuozana watoto. Mwaka 1213 mama yake, malkia Gertrud, aliuawa na wakubwa wa nchi kule Hungaria. Mtoto wa miaka sita alipata habari hiyo akiwa ugenini, katika lugha ambayo hakuzaliwa nayo. Kuna watoto wengi katika makanisa yetu waliopokea habari ya namna hiyo wakiwa katika nyumba ya watu wengine.

Mwaka 1221 aliolewa na Ludwig wa Nne, mtawala wa Thuringia, ambaye cheo chake kwa Kijerumani ni landgrafu. Bibi arusi alikuwa na miaka 14, bwana arusi kama 21. Leo tungesema ni mtoto, na tungesema kweli. Lakini wote walioacha ushuhuda wanakubaliana kwamba walipendana sana, hata watu wa ngome wakaona ni ajabu, maana mke alikuwa akikaa karibu na mumewe mezani na kusafiri naye kwa farasi. Walizaa watoto watatu: Hermann mwaka 1222, Sophie mwaka 1224, na Gertrud mwaka 1227.

Watu wengi wakimsikia Elisabeth wanakumbuka hadithi ya mikate na maua. Inasimuliwa kwamba alikuwa akishuka na mikate ndani ya nguo yake kuwapelekea maskini, akazuiwa njiani na kuulizwa amebeba nini, na nguo ilipofunuliwa yakaonekana maua ya waridi. Ni hadithi nzuri, na imechorwa kila mahali. Lakini haimo katika ushuhuda wa kwanza. Miaka michache baada ya kifo chake, mwaka 1235, wanawake wanne waliomtumikia walihojiwa na wajumbe wa kanisa, na maneno yao yakaandikwa. Wawili kati yao, Guda na Isentrud, walikuwa naye tangu siku za Wartburg. Guda alikuwa naye tangu utotoni. Hao hawakusema habari ya waridi. Walisema habari ya chakula, na kwetu hiyo ni kubwa kuliko muujiza wa maua.

Meza ya ngome ilijaa kila siku: nyama, samaki, mikate, divai. Vilitoka wapi? Vingine vilitoka katika mashamba ya mtawala mwenyewe, au katika mali ya halali ya mkewe. Vingine vilitoka kwa wakulima wa vijijini, ambao maofisa wa mtawala waliwatoza kupita kiasi au waliwanyang'anya tu. Jikoni vyote viliwekwa pamoja. Mtu akila hawezi kujua kipande hiki ni cha jasho la nani.

Elisabeth alianza kuuliza. Mwenye kumwongoza kiroho alikuwa amemkataza kula kitu chochote ambacho hakujua kimepatikana kwa haki, naye akalishika neno hilo kuliko alivyotazamia mtu yeyote. Akawa anawauliza watunza ghala na wapishi juu ya kila sahani. Kama haikuwa safi, alikaa mbele yake akijifanya anakata mkate na kuusogeza huku na huku, ili wageni wasitambue, na akatoka mezani na njaa. Wanawake wake walikula kwa sheria hiyohiyo. Siku nyingine chakula kilikuwa cha haki lakini divai si ya haki, akawaambia kwamba leo watakula bila kunywa. Siku nyingine ikawa kinyume, wakanywa bila kula. Na siku vyote viwili vilipokuwa safi, alipiga makofi kwa furaha kama mtoto. Alikuwa na miaka 18 au 19.

Ludwig hakumzuia. Alikubali kwamba mke wake ana haki, ingawa yeye mwenyewe hakuweza kufanya hivyo mbele ya watu wake wote. Wakubwa wa ngome walikasirika. Mtu anayetoa sadaka kwa maskini hamuudhi mtu, hata tajiri humsifu. Lakini mtu anayeuliza mbele ya watu mahindi haya yametoka wapi, huyo anawagusa wote waliokaa mezani.

Tukisoma hayo tulitazamana, maana tunatoka Masisi na Walikale. Mkulima wa kwetu akishuka na gunia la maharagwe au viazi kwenda soko, anakutana na bariyeri ngapi? Kila moja ina kamba yake na mwenye bunduki wake. Kuna mahali watu wametozwa kila mwezi kile kinachoitwa lala salama, yaani unalipa ili usiku usiguswe, na wanakupa jetoni ya kuonyesha kwamba umelipa. Kuna salongo ya kulazimishwa, na kuna mzigo unaobebeshwa njiani bila malipo. Huko machimboni nako, kuanzia Bisie mpaka Rubaya, mchimbaji ametoa sehemu yake kwa huyu na kwa yule kabla hajapata ya kumnunulia mtoto wake daftari. Sisi wachungaji hatuko nje ya mambo hayo. Fedha zile huja kanisani pia. Huja katika kapu la sadaka, huja kama mabati, huja kama mifuko ya saruji.

Tuseme wazi lililotupata. Miaka michache iliyopita, parokia mojawapo tuliyoitumikia iliandaa kongamano la vijana, na mtu mmoja akaleta fahali. Kila mtu mzima pale alijua mtu huyo anaishi kwa nini. Hana malisho, hana ng'ombe wa kufuga, ana bariyeri. Hakuna aliyeuliza fahali ametoka katika kraali ya nani. Tulimshukuru mbele ya mkutano, tukakibariki chakula, tukala. Nyama ilikuwa nzuri. Vijana zaidi ya mia mbili walishiba, jambo ambalo halitokei mara nyingi kwetu, na mpaka leo hatujui kwa hakika kama tungeweza kuwanyima. Lakini hatukuuliza.

Basi mwaka 1226 njaa kubwa iliipiga Thuringia. Ludwig alikuwa Italia kwa mambo ya Kaisari Friedrich wa Pili, na utawala ulikuwa mikononi mwa mkewe. Elisabeth alifungua maghala ya mumewe. Kila siku watu walipewa chakula mlangoni. Chini ya ngome, kwa sababu wagonjwa hawakuweza kupanda kilima, alijenga hospitali ndogo ya vitanda 28, naye mwenyewe alishuka kuwahudumia, akiwalisha na kuwaosha, na watoto wadogo wagonjwa wakimkimbilia na kumwita mama. Aliuza vito vyake na nguo zake za hariri. Mahali pa hospitali ile hupita njia ya kwenda ngomeni, na wageni wengi hupapita bila kusimama, maana hapana jumba la kutazama.

Wale wanawake wanne waliongeza jambo dogo ambalo waandishi wengi huliruka. Mavuno mapya yalipokaribia, Elisabeth aliwapa wote wenye nguvu za kufanya kazi mashati, viatu vya kuwalinda miguu na mabua makali, na mundu wa kuvunia, ili waende wakapate riziki kwa mikono yao. Ninyi mliokaa katika kambi za Bulengo na kwingineko kandokando ya Goma mnaelewa. Mliokuwa mkipanga foleni ya unga mlikuwa watu wenye mashamba. Unga ulihitajika, na waliouleta Mungu awakumbuke. Lakini ni wangapi walifika wakauliza nani hana jembe?

Ludwig aliporudi, maofisa walimpokea na mashtaka juu ya mke wake na maghala. Inasimuliwa kwamba aliuliza tu kama ngome zake bado ni zake; alipoambiwa ni zake, akasema aachwe atoe.

Mwaka uliofuata alijiunga na vita vya msalaba. Hakufika. Alikufa kwa homa huko Otranto, kusini mwa Italia, tarehe 11 Septemba 1227, na siku chache baadaye mkewe akamzaa Gertrud. Elisabeth alikuwa mjane wa miaka 20 mwenye watoto watatu, na madaraka yalishikwa na shemeji yake, Heinrich Raspe. Wataalamu wanabishana kama shemeji alimfukuza kutoka Wartburg, au kama aliondoka mwenyewe kwa kuwa hakuachiwa mali yake na asingeweza tena kula kwa dhamiri safi katika nyumba ile. Kwetu wajane wengi wangesema hayo mawili ni kitu kimoja. Mtu akikuachia nyumba lakini akakunyima chakula cha haki, amekufukuza.

Alishuka Eisenach wakati wa baridi. Hakuna mtu mjini aliyethubutu kumpokea, hata wale aliowalisha, kwa hofu ya shemeji. Usiku wa kwanza alilala katika kibanda cha uani kwa mwenye nyumba ya wageni, mahali palipokuwa pakiwekwa nguruwe. Usiku huohuo alikwenda kwa ndugu Wafransisko waliokuwa mjini, akawaomba waimbe wimbo wa kumshukuru Mungu kwa dhiki aliyoipata. Kesho yake watoto wake waliletwa, katika baridi ileile. Tumejaribu kuhubiri habari hiyo mara mbili na mara zote mbili tumeshindwa kuimaliza, kwa sababu wanamama waliokaa mbele yetu wamelala katika vibanda vibaya kuliko kile.

Mjomba wake, askofu wa Bamberg, alimchukua akataka kumwoza tena. Alikataa. Hatimaye alilipwa sehemu ya mali yake ya ujane, kiasi cha marki 2000 za fedha, akagawa nyingi kwa maskini. Mwaka 1228 akajenga hospitali nyingine huko Marburg, upande wa magharibi. Humo aliishi kama mtumishi, amevaa nguo ya kijivu, akisokota sufu kwa malipo ili ale kwa kazi ya mikono yake.

Hapa lazima tumtaje Konrad wa Marburg, yule mwenye kumwongoza kiroho. Ndiye aliyempa ile sheria ya chakula, na kwa hiyo tuna deni kwake. Lakini alikuwa mtu mkali kupita kiasi. Alimwondolea Guda na Isentrud waliokuwa rafiki zake, akamwekea wanawake wakali mahali pao. Alimpiga, na alimpigisha. Wapo waandishi wanaoyaeleza hayo kama nidhamu ya kiroho ya zamani zile. Sisi tunasema ni dhambi ya mchungaji. Mwanamke aliyekwisha kumpa Mungu kila kitu hahitaji fimbo ya mtumishi. Na tunalisema kwa sababu vyumba vya maombi ambamo wagonjwa na wajane hupigwa na kufungishwa mpaka wazimie vipo katika mkoa wetu pia, na baadhi ya wanaoviendesha huitwa watu wa Mungu. Konrad baadaye aliwawinda wazushi kwa ukatili uleule, mpaka mwaka 1233 akauawa njiani.

Wala hatuwezi kupita kimya juu ya watoto. Elisabeth aliwaacha walelewe na wengine. Hata Gertrud alipelekwa kwa watawa wa Altenberg akiwa mdogo sana. Mama wa Walikale alilikataa jambo hilo palepale ndani ya treni, na hatukuwa na jibu la kumpa. Tunaweza kusema tu kwamba yeye mwenyewe alitolewa kwao akiwa na miaka minne.

Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 17 Novemba 1231, na miaka 24. Mwaka 1235 Papa Gregori wa Tisa alimtangaza mtakatifu, na mwaka huohuo ukaanza ujenzi wa kanisa kubwa juu ya kaburi lake huko Marburg, lililowekwa wakfu mwaka 1283. Mwaka 1236 mwili wake ulipoinuliwa, Kaisari Friedrich mwenyewe alikuwapo na akaweka taji. Mifupa ikatiwa katika sanduku la dhahabu na vito. Mwanamke aliyeuza vito vyake akavishwa vingine alipokuwa hawezi tena kuvikataa.

Siku ya pili tulikwenda Marburg. Juu ya mji kuna ngome nyingine, ambamo Luther na Zwingli walikutana Oktoba 1529 wakashindwa kupatana juu ya Meza ya Bwana. Aliyewaita alikuwa Philipp, mtawala wa Hessen, mtu wa Matengenezo ya Kanisa na mzao wa Elisabeth kupitia binti yake Sophie. Mwaka 1539 Philipp huyo aliingia kanisani akatoa mifupa ya bibi yake katika sanduku, ili watu waache kuiendea hija. Kanisa lile leo ni la Kiprotestanti. Sanduku la dhahabu bado lipo, tuliliona, na ndani hamna kitu. Kijana wetu aliuliza kwa nini walinde sanduku tupu kwa kufuli kubwa vile. Mtembezaji alicheka, akasema ni kwa sababu ya dhahabu.

Tuliporudi Masisi tuliomba neno la yule fahali liwekwe mbele ya baraza la wazee, pamoja na swali la jumla: tutapokea nini na tutauliza nini. Tumekutana mara tatu. Wazee wengine wanasema tukianza kuuliza hatutaezeka kanisa. Mzee mmoja, ambaye ng'ombe wake waliondoka mwaka uleule wa kongamano, hajasema neno bado. Kikao cha nne ni baada ya mavuno ya maharagwe.